Angalia makali kabla ya bei

Kaka, umesema treni yako ya burudani kwenye RollerCoaster Tycoon 2, gemu la kompyuta la kujenga bustani ya michezo, inakosa abiria kwa sababu ya bei. Hapana, siyo bei, ni makali, yaani alama ya ukali wa safari. Kwenye gemu hilo makali yakipita 10 wageni wengi wanageuka mlangoni hata ukiweka bure. Kosa huwa kwenye kona: treni ikiingia kwa kasi kona isiyoinamishwa, msukumo wa pembeni ukizidi 2.8 G (kipimo cha msukumo) makali yanaruka juu, ukizidi 3.1 na msisimko, yaani alama ya raha ya safari, unakatwa nusu. Aliyeteremka mlima Kitonga wa Iringa kwenye basi anajua kona inavyokutupa dirishani. Inamisha reli, au tanguliza kilima kidogo treni ipunguze mwendo kabla ya kona.

Nacheza hili gemu na wadogo zangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, tangu kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani, na reli fupi tatu zenye msisimko wa 6 hivi zimenilipa kuliko moja ndefu ya kutisha. Ila zisiwe aina moja, ukirudia aina thamani ya tiketi inashuka. Na ukitoza kiingilio getini, toleo hilo halikuruhusu kuuza tiketi za reli.