Barua kwa mwanangu: mshenga anayemdai bwana harusi

Mwanangu mpenzi,

Sisi hapa Stockholm hatujambo, ila goti la baba yako bado linamsumbua baridi ikizidi.

Jumapili ulinipigia kutoka Lund na swali ambalo sikuweza kulijibu huku samaki wako jikoni. Umesema benki ya SEB wamekuita kwenye usaili wa kazi ya majira ya joto, kitengo cha benki ya uwekezaji, ukaniuliza: "Mama, hawa wanafanya nini hasa ndani ya benki ambayo bibi kizee anaweka akiba yake? Ni kazi ya halali, au wanakula katikati tu?" Nimelala na swali hilo siku tatu. Unajua mimi miaka 23 nilikuwa idara ya nyuma ya benki moja hapa mjini, kuhakikisha hisa zilizouzwa zimemfikia mnunuzi na pesa zimemfikia muuzaji. Meza za mbele sikukaa hata siku moja. Lakini makaratasi yao yalipita mikononi mwangu.

Mfikirie mshenga wa kwetu Tanga. Anajua nyumba ipi ina kijana anayetaka kuoa, na nyumba ipi ina binti. Nyumba hizo hazijuani wala haziaminiani, ila zote mbili zinamwamini yeye. Kitengo unachokiulizia ndicho hicho. Huku kuna kampuni inataka mtaji, kule kuna mfuko wa pensheni wenye pesa za walimu na wauguzi zinazotafuta pa kwenda. Mshenga anapeleka posa. Posa ikiwa ni hisa, kampuni inaingizwa kwenye soko la hisa. Ikiwa ni mkopo kutoka kwa watu wengi, inatolewa hatifungani, yaani karatasi ya kukiri deni na kuahidi kulilipa kwa riba. Mara nyingine ni kampuni nzima inayonunuliwa na nyingine, na hapo wanaojua ni wachache mno. Kazi yenyewe hupewa jina la bandia, la ndege au la mlima, ili hata kwenye lifti mtu asitaje jina la mteja.

Ujira wa mshenga mwingi wake hulipwa harusi ikifungwa. Ndoa ikivunjika mwaka wa pili, ujira haurudishwi. Hilo liweke akilini tangu siku ya kwanza.

Sasa, washenga wa aina mbili wapo. Wapo waliojitegemea, wasioishi kwa akiba za watu. Carnegie ya hapa Stockholm ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, ingawa tangu 2025 nayo imeingia mikononi mwa benki ya DNB ya Norway. Na wapo walio ndani ya benki ya biashara, inayopokea akiba na kukopesha, kama hao waliokuita. Benki yao ilianzishwa 1856 na André Oscar Wallenberg ikiitwa Stockholms Enskilda Bank, ikaungana na Skandinaviska Banken 1972. Viwanda vingi vya nchi hii vimekulia mikononi mwake. Mwaka 1916, sheria ilipofanya iwe vigumu kwa benki kushikilia hisa za kampuni kwa muda mrefu, hisa hizo zilihamishiwa kwenye kampuni mpya iliyoitwa Investor, ambayo mpaka leo ni mwenye hisa mkubwa wa benki yenyewe. Hawa hawamjui bwana harusi, yaani kampuni inayotafuta mtaji, kwa kusikia. Walimjua babu yake.

Na ndipo penye uzuri na ubaya wa jambo hili. Mshenga wa benki ya biashara mara nyingi anamdai bwana harusi.

Uzuri wake ni kwamba anajua nyumba inakovuja. Amemkopesha miaka 30, ameona hesabu zake za mwaka mzuri na za mwaka wa njaa, na kampuni ikiugua hawezi kukimbia, maana pesa zake ziko ndani. Ubaya wake nitakusimulia, kwa sababu ulinipata mimi.

Wewe ulikuwa darasa la pili. Kampuni moja, sitaitaja, ilikuwa inaingia sokoni, na benki iliyoisimamia ilikuwa ndiyo iliyoikopesha. Nilinunua hisa 500. Kile kitabu chao, waraka wa matarajio, kinachomweleza mnunuzi habari za kampuni na hisa zinazouzwa, kilifika kwa posta, kizito kama kitabu cha simu cha zamani. Nilisoma kurasa za mbele zenye picha za wafanyakazi wanatabasamu, nikaridhika. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa makaratasi! Mwaka na nusu baadaye hisa zilikuwa zimeshuka chini ya nusu, na nauli yetu ya kwenda Tanga ilikuwa imekwenda nazo. Usiku mmoja nikakitoa kitabu kabatini, nikakaa nacho mezani na kalamu nyekundu. Kuna sehemu Waswidi wanaiita Bakgrund och motiv, yaani usuli na sababu ya kuuza hisa. Ilikuwa nusu ukurasa. Sentensi ya nne ilisema sehemu kubwa ya pesa itatumika kulipa madeni ya benki. Benki ileile ambayo jina lake lilikuwa kwenye jalada.

Hawakudanganya, mwanangu. Waliandika wazi, kama sheria inavyotaka. Ila yule mshenga alikuwa anajilipa deni lake kwa mahari yetu, na sifa za bwana harusi zilikuwa kurasa 40 kabla ya sentensi ile.

Tangu hapo kila waraka naufungulia hapo kwanza. Volvo Cars walipoingia sokoni Oktoba 2021, SEB ikiwa miongoni mwa benki zilizosimamia, hisa zilizouzwa zilikuwa mpya, kwa krona 53 kila moja, na krona bilioni 20 zikaingia kwenye kampuni yenyewe iliyokuwa inahamia magari ya umeme. Bei ya hisa ingeweza kupanda au kushuka, hiyo ni biashara, lakini mnunuzi alijua pesa yake inakwenda kufanya nini.

Usidhani madeni ni mchezo katika nchi hii. Nilifika 1991. Septemba 16 mwaka uliofuata Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 500 kuilinda krona, na mimi nilisimama mbele ya televisheni nikidhani nimesikia vibaya, Kiswidi changu kilikuwa bado kichanga. Benki zilikuwa zimekopesha majengo bila kipimo. Serikali ikabidi izidhamini zote. Benki yenye akiba za watu ikiyumba, haiyumbi peke yake.

Basi mbona sikukatazi? Kwa sababu ya jambo moja ambalo nimeliona likitoka kwenye meza zao likafika kwetu.

Mwishoni mwa 2007 mifuko kadhaa ya pensheni ya Sweden ilikuwa inataka kuweka pesa kwenye miradi ya kupunguza madhara ya mabadiliko ya tabianchi, lakini haikuwa tayari kuhatarisha pensheni za watu kwenye mradi mmoja wa umeme wa upepo usiojulikana utafanikiwa au la. Wakawauliza SEB. Watu wa kitengo hicho wakaenda Benki ya Dunia, wakaleta na wanasayansi wa CICERO, kituo cha utafiti wa tabianchi cha Oslo, waangalie kama masharti ya kuchagua miradi yana ukweli. Novemba 2008 ikatoka hatifungani ya kijani ya Benki ya Dunia, ya miaka 6, zaidi ya krona bilioni 2. European Investment Bank, benki ya Umoja wa Ulaya, walikuwa wametangulia mwaka mmoja na yao ya tabianchi, lakini hii ndiyo iliyoweka utaratibu ambao wengine waliufuata. Ona ujanja wake: mwalimu mstaafu anaidai Benki ya Dunia, si mradi, na pesa yake imefungwa kwa kazi iliyoandikwa. Yaani ule nusu ukurasa wangu wa kalamu nyekundu ndio uliogeuka kuwa moyo wa waraka wote.

Mwaka 2023 benki ya CRDB ikatoa hatifungani yake ya kijani, Kijani Bond, kule nyumbani, ikaomba shilingi bilioni 40, watu wakaleta zaidi ya bilioni 171. Na Februari 2024, mamlaka ya maji ya Tanga, wale Tanga UWASA tuliokuwa tunawalaumu kila bomba likikauka, ikatoa hatifungani yake ya kijani ya miaka 10, shilingi bilioni 53.12, kupanua huduma ya maji. Mama yako mdogo alinipigia akauliza, "Dada, hii karatasi ni nini?" Nikamwambia afungue palipoandikwa matumizi ya fedha. Akanisomea kwenye simu, polepole, miwani yake haimtoshi: mabomba, mita, chanzo cha maji. Nyumba ya bibi yako ulipofundishwa kuoga kwa kata. Nililia, na sikumwambia.

Kwa hiyo nenda. Saa zao ni ngumu, utakula chakula cha jioni ofisini na wikendi zako zitaliwa. Hilo huna haja ya kuambiwa na mimi. Nataka ujue jambo jingine. Kati ya wanaokopesha na wanaouza hisa pana ukuta wa taarifa, kisheria, na upande mmoja hauruhusiwi kunong'ona na mwingine. Siku ya usaili watakupa nafasi ya kuuliza. Usiulize mshahara. Waulize hivi: mara ya mwisho kumwambia mteja anayewadai pesa nyingi asubiri, asiuze hisa mwaka huu, ilikuwa lini? Hapana, nimekosea kuandika: mteja *wanayemdai*. Uliza hivyohivyo, kisha nyamaza, uangalie nani anamwangalia nani kabla ya kujibu.

Vaa lile koti la buluu. Na ukitoka nipigie, hata kama niko kwenye sala utaikuta simu, nitakurudia.

Mama yako