Mzigo uliungua, ila kilichonimaliza ni daftari

Juzi kuna dada wa Iringa kaniandikia, kafungua duka la vitenge na mvua imeshaanza kumuingilia kwenye fremu, anauliza aanzie wapi. Nilianza kumjibu kwa meseji nikaona inakuwa ndefu, acha niiweke hapa, maana najua tuko wengi tunaotaka kutoka kwenye kibanda tufike kwenye duka la jumla.

Mimi nilikuwa soko la SIDO pale Mwanjelwa, Mbeya. Lilipoungua Agosti 2017 nilikuwa nimetoka Tunduma siku tatu tu nyuma na mzigo mpya, nusu hela yangu nusu ya mkopo. Usiku napigiwa simu na jirani yangu wa kibanda, "mama Neema njoo, soko linawaka". Kufika, watu wamejaa barabarani, hakuna kusogea. Asubuhi ndo nikakiona kibanda changu. Kufuli lilikuwa bado limefungwa jamani, limeshika kipande cha mlango, ukuta hakuna. Nikavuta jora moja, katikati maua yake bado yanaonekana kabisa, nilivyolishika likamomonyokea mkononi.

Lakini mzigo tulipoteza wote. Mimi kilichonimaliza ni daftari. Lilikuwa kwenye droo. Nilikuwa natoa mali kauli kwa akina dada wa Uyole, Mbalizi mpaka Tukuyu, wanalipa mwisho wa mwezi, jumla ilikuwa inapita milioni 2. Wenye roho nzuri walikuja wenyewe, Mungu awabariki sana. Wengine wakasema walishalipa. Kuna mmoja nilimfundisha mwenyewe kuchagua vitenge, alikuwa na doti zangu 14, akaniambia mbele za watu nimuonyeshe alipoandikwa. Sikuwa na cha kumuonyesha. Na wale wa kausha damu, wa mikopo ya riba kubwa, walionikopesha, karatasi zao hazikuungua, nimelipa rejesho miaka miwili kwa mzigo ambao ni majivu.

Kwahiyo dada yangu, kabla hujahangaika na mabati anza na daftari. Kila jioni kabla sijafunga napiga picha kurasa za siku hiyo namtumia mume wangu, nyingine najitumia kwenye email, ni dakika mbili tu. Mwisho wa mwezi nahesabu mzigo, napiga video fremu nzima pamoja na risiti za manunuzi. Hivyo hivyo ndo vilinisaidia nilipokata bima, maana lazima ujue ulikuwa na nini. Na uliza usione aibu, bima ya moto sio lazima ilipe na mafuriko, mimi nilikuta mafuriko yanaongezewa hela. Soma kabla ya kusaini, tafadhali soma.

Maji sasa. Huku kwetu mvua ni Novemba mpaka Aprili, TMA, watu wa hali ya hewa, wanatangaza kila msimu, sisi tunasikiliza tunaendelea kupanga marobota chini. Aprili 2024 Mlima Kawetere ulipoporomoka pale Itezi, tope likafunika nyumba na shule, nilikaa nikajiuliza nasubiri nini. Nikahama fremu ya mteremkoni, nikachongesha chaga, mzigo wa chini kabisa uko usawa wa goti. Wiki iliyopita maji yameingia usiku yakafika kwenye kifundo cha mguu, sijapoteza hata doti moja. Nimefurahi mno, sifichi.

Jamani tuache kusema Mungu atalinda halafu swichi kuu tunaiacha imewaka usiku kucha. Zima ukiondoka. Namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani na mlinzi aijue kwa kichwa. Na usiweke hela yote kwenye mzigo, mimi ile siku nilikuwa na elfu 8 tu kwenye simu.

Daftari, dada. Leo hii hii. Yule wa doti 14 bado tunapishana Kabwe, ananisalimia, naitikia.