Jibu: Dawa ya ADHD natumia, lakini kazi za jiji bado zinanielemea

Habari ndugu. Umesema ulithibitishwa ukubwani kuwa na ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia na kukaza mawazo), unatumia dawa, lakini bado unasahau vikao, unachelewa, na huna wa kumwambia.

Anza na usingizi. Mimi nililaumu dawa miezi kadhaa, kumbe nilikuwa nalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku. Kama yako ni methilfenideti (dawa ya ADHD inayochangamsha ubongo) na unaimeza alasiri, inaweza kukukosesha usingizi. Mwambie daktari akupangie muda, usijibadilishie dozi mwenyewe.

Kilichoniokoa zaidi ni rafiki wa kukaa naye nikifanya kazi. Hanisaidii chochote, anafanya zake, hata kwa simu ya video inatosha. Ripoti niliyoikimbia wiki nzima iliisha kwa saa moja (niliona aibu kidogo).

Kazini sikutaja ADHD. Niliomba tu maagizo kwa maandishi na meza iliyo mbali na mlango. Bosi hata hakuuliza sababu.

Kuhusu kundi la kusaidiana, jaribu zaidi ya moja. La kwanza nililoingia watu walishindana kulalamika, nikatoka kichwa kinauma. La pili tupo wanne tu, na ndio ninaowapigia siku zikiniharibikia.