Sabuni ya mawese inaua virusi?

Swali: Nauza ugali na migebuka karibu na mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Wateja wananawa kwenye beseni kwa sabuni ya kipande ya mawese. Kijana wangu anasema haiui virusi, ninunue ya dawa. Ni kweli? Na maji yawe ya moto?

Jibu: Sabuni yako haina kosa, mama. Kasoro iko kwenye beseni.

Mtazame mteja aliyemaliza mchuzi wa mawese akinawa kwa maji matupu: maji yanateleza tu, unjano unabaki vidoleni. Akipaka sabuni, mafuta yanaachia. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika maji, nyingine hukimbilia mafuta. Sasa virusi vya mafua, UVIKO-19 na Marburg vimevaa utando wa mafuta. Ncha ile hujipenyeza humo, utando ukapasuka, kirusi kikaharibika. Sabuni yoyote hufanya hivyo. Hizo za dawa, Marekani ilipiga marufuku 2016 zile zenye triklosani, kemikali ya kuua vijidudu, maana watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida.

Shida ni virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, na vya noro, vinavyotapisha na kuharisha. Havina utando wa mafuta. Sabuni huvibandua tu kwenye ngozi. Kinachoviondoa ni kusugua na maji yanayotiririka. Kwa hiyo mteja wa tano akichovya mikono kwenye beseni lile lile, anachota walichoacha wanne.

Tundika kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, litoboe kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, chini kidogo ya mfuniko, kisha unganisha kamba na kijiti cha kukanyagia ili mtu asiguse dumu. Tundu likiwa pana, utachota maji kutwa. Sabuni nayo itoboe uitungike kwa kamba, isilale kwenye maji ikayeyuka bure.

Mteja asugue sekunde 20. Viganja kila mtu anavikumbuka. Vinavyosahaulika ni kidole gumba na ncha za kucha. Akisuuza, mikono ikauke kwa hewa. Kile kitaulo kimoja cha wote kiondoe leo.

Maji ya baridi yanatosha, kwani joto ambalo mkono unalivumilia haliui virusi. Ila kipande cha sabuni kikiwa kibichi, kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni) iliyobaki ndani huchubua ngozi; kiache kikauke wiki nne.