Kwa mnaoanza petrolojia: jiwe na namba zake ni somo moja

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa pili wa jiolojia, petrolojia, yaani somo la miamba ya moto (iliyoganda kutoka magma) na miamba geu (iliyogeuzwa na joto na shinikizo), limepakaziwa sifa mbaya kuliko linavyostahili. Mtaambiwa ni la kukariri. Mtarithishwa madesa yaliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, yamejaa majina ya miamba kuanzia dunaiti hadi fonolaiti. Majina hayana neno, yatakaa yenyewe kichwani kadiri mnavyoyatumia. Kinachopeleka watu kwenye sapu ni kuichukulia hadubini kama somo moja na kemia kama somo jingine, eti kwa sababu ratiba imeziweka siku tofauti.

Chukua madini ya kianaiti, andalusaiti na silimanaiti. Zote tatu ni Al2SiO5. Miamba mitatu yenye kemia ileile inaweza kubeba kila mmoja madini yake, na karatasi ya maabara isikuonyeshe tofauti yoyote, ilhali mmoja uliiva kwenye shinikizo kubwa chini ya milima na mwingine uliokwa tu pembeni mwa graniti. Mipaka ya hizo tatu inakutana karibu na nyuzi joto 500 za Selsiasi na shinikizo la kilobari 4, yaani kina cha kilomita kama 14 hivi. Hapo anayejibu ni hadubini: zungusha meza, uone kianaiti mara nyingi inazimika (inakuwa nyeusi) ikiwa imelala kwa mshazari, wakati silimanaiti inazimika ikiwa imelala sambamba na uzi wa msalaba. Dakika mbili tu, na umeshajua mwamba ulipita njia gani.

Sasa geuza. Lava ya Kibo, kule Kilimanjaro, inaweza kukuonyesha fuwele kubwa za feldispa zilizokaa ndani ya chembechembe laini ambazo hata lenzi kali haizichambui. Jicho limegota. Unapima silika (SiO2), unajumlisha oksaidi za sodiamu na potasiamu (Na2O na K2O), unaweka nukta kwenye mchoro wa TAS, unaolinganisha jumla hiyo na silika, ndipo unaweza kusema hii ni fonolaiti au trakaiti bila kubahatisha.

Lakini mchoro huo una masharti, na watu huyasahau kila mwaka. Ni wa miamba ya volkano, tena mibichi. Lava za kale za ukanda wa Geita zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, zimeshageuzwa na kupitiwa na maji ya moto, na sodiamu na potasiamu ndizo zinazohama kwanza. Ukiweka nukta zake kwenye TAS, pengine unasoma habari za hayo maji badala ya magma. Tumia titaniamu, zirkoniamu, yitriamu na niobiamu, ambazo kwa kawaida hazibanduki kirahisi. Hapa ndipo mtaona kwa nini miamba ya moto na miamba geu hufundishwa pamoja: jiwe moja linaweza kuwa na historia zote mbili.

Jifunzeni kukokotoa kwa mkono kabla ya kukimbilia programu. Anzeni na madini ya olivini, hesabu yake ni nyepesi. Tuseme uchambuzi umetoa, kwa asilimia za uzito, SiO2 40.0, FeO 12.0 na MgO 48.0. Gawa kila namba kwa uzito wa molekuli yake: unapata 0.666, 0.167 na 1.191. Hesabu oksijeni: silika inaleta mbili, hao wengine mojamoja, jumla 2.69. Fomula ya olivini ina oksijeni 4, kwa hiyo zidisha kila kitu kwa 4 kugawa kwa 2.69. Silikoni inatoka 0.99, chuma 0.25, magnesiamu 1.77. Chuma na magnesiamu pamoja ni 2.02, karibu kabisa na 2 ambayo fomula inadai. Sasa unajua uchambuzi ni mzuri, na olivini yenyewe ni foseteraiti (olivini ya magnesiamu) kwa asilimia 88. Silikoni ingetoka 1.2, ungejua hiyo si olivini, au mwale wa mashine uligusa madini ya jirani. Programu itakupa jibu tu, haitakushtua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Ol Doinyo Lengai. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya natrokabonataiti: ina silika kidogo mno, Na2O ni takriban asilimia 30, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati basalti hutoka ikiwa na 1,100 na zaidi. Moja ya madini yake makuu, nyerereaiti, limepewa jina la Mwalimu. Lava hiyo hutoka nyeusi, kisha ikikutana na unyevu wa hewa inaanza kuwa nyeupe ndani ya muda mfupi, na madini ya mwanzo yanageuka mengine. Ukiiacha sampuli kwenye mfuko wazi, utakachopeleka maabara si kile kilichotoka mlimani. Lengai inaonyesha haraka jambo ambalo miamba mingine hulifanya polepole.

Kwa hiyo mkiwa fildi, pigeni nyundo mpaka mpite ganda lililooza, na slaidi (kipande chembamba cha jiwe cha kutazama kwa hadubini) ikatwe kutoka bonge lilelile linalosagwa kwa kemia. Ulizeni sampuli inasagwa kwenye chombo gani; cha tangsteni kabaidi huacha tangsteni na kobalti kwenye unga. Jumla ya oksaidi ikitoka asilimia 94, kabla ya kulaumu mashine angalieni kama uzito unaopotea kwa kuunguza umejumlishwa.

Na mheshimuni sana fundi wa slaidi. Unene unaotakiwa ni milimita 0.03. Ingizeni analaiza (kichujio cha pili cha mwanga kwenye hadubini) mtafute madini ya kwatzi: ikiwa ya kijivu au nyeupe, endeleeni. Ikiwa ya njano iliyokolea au ya machungwa, slaidi ni nene, na rangi zote nyingine mnazosoma hapo zitawadanganya.

Kwenye mtihani wa vitendo, jina la mwamba liandikwe mwisho. Tangulizeni ukubwa wa chembe, madini na asilimia zake, na madini gani yamemea juu ya yapi. Mkikosea jina, maelezo bado yanaweza kuwapa alama. Ulizeni mapema kama jedwali la uzito wa molekuli litatolewa. Kama halitolewi, hizi zitawavusha maswali mengi: SiO2 60.08, Al2O3 101.96, FeO 71.84, MgO 40.30, CaO 56.08, Na2O 61.98, K2O 94.20.