Shujaa gani anaiacha ngome yake?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi niko Doha, mwaka wa 4 huu, chumbani nakaa na Wanepali wawili, watu poa sana ila wakianza stori za Balbhadra Kunwar, shujaa wao wa vita vya zamani, hapalaliki. Juzi nikawauliza si huyu alishindwa vita? Mmoja akanuna mpaka chai akaninyima. Sasa niambieni, shujaa gani anaiacha ngome yake anaondoka? – Msomaji, Qatar

JIBU: Kaka hiyo chai umejinyima mwenyewe. Kweli ngome aliiacha, lakini sikia kwanza ilikuwaje. Mwaka 1814 Kampuni ya East India, ile ya Waingereza iliyokuwa ikitawala India, inaingia vitani na Nepal, jeshi la watu kama 3,500 linapanda kilima cha Nalapani karibu na Dehradun (leo ni India) na huko juu yuko kapteni Balbhadra na watu kama 600 hivi, tena humo humo kuna wanawake na watoto. Inasemekana barua ya kumtaka ajisalimishe ililetwa usiku, akaichana, akasema saa hizi mimi sipokei barua. Mimi hapo tu nilishampenda.

Oktoba 31 wakavamia wakapigwa, na jenerali wao Gillespie, mtu aliyekuwa na jina tangu vita vya Java, akauawa pale pale karibu na ukuta. Wakaleta mizinga mikubwa, Novemba wakajaribu tena wakashindwa tena. Ndo wakashtukia kitu kimoja, maji ya ngome yanatoka nje! Wakayakata, halafu mizinga ikaendelea usiku na mchana, watu wanakufa kwa mabomu na kwa kiu, sasa hapo we ungefanyaje? Novemba 30 Balbhadra akatoka na watu kama 70 waliobaki, akapenya katikati ya maadui akaenda zake. Hakujisalimisha. Hiyo ndo "kukimbia" unayoisema.

Na usidhani ni Wanepali tu wanajisifia. Waingereza wenyewe walijenga minara miwili pale, mmoja wa Gillespie na wenzake, wa pili wa Balbhadra na askari wake, na maandishi yanamuita adui yao jasiri. Wewe adui gani anakujengea mnara? Kuna na ile stori ya askari wa Kinepali aliyevunjwa taya na risasi, katikati ya vita akaja upande wa Waingereza anapunga mkono, wakamtibu, alipopona akaomba ruhusa arudi kwa wenzake aje apigane nao tena.

Vita Nepal ilishindwa kweli, mkataba wa Sugauli 1816 ukawanyang'anya ardhi kubwa. Ila hapa ndo panakuhusu wewe. Balbhadra alikwenda Lahore (leo ni Pakistan) akawa mwanajeshi wa Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga, akafia vitani Nowshera 1823 akipigana na Waafghani, mbali kabisa na kwao. Wanepali waliokwenda Lahore kutafuta jeshi la kulipwa ndo walioitwa lahure, na jina likabaki kwa kila anayetoka kwenda kutafuta maisha nje, hata hao wa Ghuba.

Leo usiku muulize huyo aliyenuna, lahure maana yake nini, ila birika iwe tayari jikoni maana maelezo yake yatakuwa marefu.