Mama mkwe, mtoto na kinamasi cha Saiwa

SWALI: Habari za kazi, Mtembezi. Likizo ya Desemba tunataka kumpeleka mama mkwe na binti yetu wa miaka minane kwenye kinamasi cha Saiwa. Mama goti linamsumbua na matope hayataki kabisa. Binti naye hatulii hata dakika mbili. Je, tutaweza kuzunguka hifadhi nzima kwa siku moja bila mama kuumia? Na nyoka je?
Mkaza Mwana, Eldoret

JIBU: Kuzunguka mtaweza. Saiwa ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya, haifiki hata kilomita tatu za mraba, na gari haliingii ndani, kila mtu ni kwa miguu. Lakini mkiipanga safari kwa kilomita mtamaliza mapema na mtarudi Eldoret hamjaona kitu. Pangeni kukaa. Kutembea kutakuja kwenyewe.

Mbuga hii ilitengwa mwaka 1974 kwa sababu ya nzohe, swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, ndiyo maana hupita pale ambapo mbuzi angezama. Akishtuka hujitosa majini, akabakiza pua tu juu. Sasa niambie, watu wanne wanaopiga soga huku wakikimbizana na saa watamwonaje? Hutoka kula alfajiri na jioni, na jua likiwa kali hujificha ndani ya matete.

Kwa hiyo saa ndiyo inayoamua kila kitu. Ningekuwa nyinyi ningelala Kitale, nikaondoka kungali giza, nikashika barabara ya Kapenguria hadi njia panda ya Kipsaina, nikawa langoni saa kumi na mbili asubuhi. Kama kulala nje ya nyumba ni gharama, njooni jioni: mfike saa tisa, mkae hadi karibu na kufunga. Ile safari ya kufika saa tano na kuondoka saa nane, ambayo ndiyo wengi hufanya, siipendekezi hata kidogo.

Kuhusu matope, mama asiwe na wasiwasi. Kuna njia za mbao zilizoinuliwa juu ya kinamasi. Adui wake ni utelezi, kwani mbao zenye umande huteleza kama samaki. Avae viatu vyenye soli ya kushika, si ndala wala vile vya kanisani, na awe na bakora. Kabla ya kuingia muulizeni askari wa wanyamapori langoni ni njia ipi iko imara siku hiyo. Mbao zikikaa kwenye unyevu huoza, naye ndiye anayejua zilipolegea. Majukwaa ya kutazamia yana ngazi. Mama asipande. Mbebeeni kigoda chepesi akae chini kwenye kivuli cha miti. Huenda akaona mengi kuliko nyinyi mlio juu, maana msituni ndiko anakokaa kima karasinga.

Na huyo karasinga ndiye mwalimu wa binti yenu. Ana ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya machungwa kwenye paji la uso, na akihisi hatari hukaa tuli kabisa, asitikise hata mkia. Mwambieni mtoto ashindane naye. Mpeni yeye darubini, nyinyi wakubwa muombe kwa zamu. Korongo taji hawahitaji uvumilivu, wataonekana wakijipitia. Fisimaji ni bahati.

Nyoka wapo, kama walivyo kwenye mashamba ya mahindi yanayoizunguka mbuga. Msiache njia, wala msitie mkono msipopaona.

Mengine ni madogo. Malipo ya KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, ni ya kielektroniki, kwa hiyo yamalizeni nyumbani kwenye intaneti nzuri. Maji yawe kwenye chupa za kujaza tena, kwa sababu plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga tangu Juni 5, 2020, na huwa inasikitisha kuona familia ikihamisha maji langoni kutoka chupa hadi sufuria.

SWALI: Nina mbwa mpole sana, habweki. Nikimfunga kamba naweza kuingia naye?
Msomaji, Kitale

JIBU: Hapana. Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi, na upole wake hauna uzito hapa. Nzohe hasubiri kusikia kubweka, harufu tu inamtosha. Mwache nyumbani na mtu, usimfungie garini juani.